Chakula Nilichokula Nyalukemba

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ni Jumamosi niliyokula vizuri. Usicheke. Nilikula fufu, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakakauka, nikajilamba vidole, na majuto yake mpaka leo sijayameza.

Nilikuwa bado kijana, assistante sociale, mfanyakazi mpya wa ustawi wa jamii katika ofisi ya kulinda watoto hapa Bukavu. Maman Nabintu, muuza makala ya kupikia wa mtaa wa Nyalukemba, alikuja kutuambia kwamba jirani yake anamtesa mtoto wa kaka yake. Mtoto huyo aliitwa Zawadi. Mama yake alifariki kule Luberizi, na baba yake, mkulima wa mpunga, akamleta mjini kwa shangazi ili asome. Shule hakuiona. Alichota maji, alifua, alilala jikoni, na kilio chake majirani walishakizoea.

Sasa huyo shangazi, Maman Odette, nilimjua. Tuliimba kwaya moja, tulisali shirika moja la kanisa. Ningemwingiliaje ghafla kama polisi? Kwetu mtu mwenye adabu hutuma habari kabla ya kwenda kwa mtu mzima. Basi nikamtumia habari kwamba Jumamosi nitapita kumsalimia. Ndivyo nilivyompa nafasi ya kuosha nyumba, na mtoto pia.

Wazee wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji alipona kweli. Aliyekuwa mgonjwa ndiye hakupona.

Zawadi alitoka amevaa gauni jipya la mikono mirefu, na jua lilikuwa kali. Akatunawisha. Birika alilishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kuume ameuficha ndani ya gauni. Shangazi yake akamkaripia kwa kumnawisha mgeni kwa kushoto, akamuuliza heshima ameiacha wapi. Nami, mwenye diploma yangu, nikacheka nikasema tumuache, bado mutoto. Niliona, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma: niliona, kisha nikageukia sambaza.

Tukiwa tunakula nikamuuliza, mbele ya shangazi yake, kama anatunzwa vizuri. Akaitika, ndiyo maman. Maman Odette akasema watoto wa kijijini ni wagumu, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imevunja mifupa mingi, lakini siku ile niliitikia kwa kichwa. Jumatatu nikaiambia ofisi kwamba nyumba ile haina shida.

Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, Maman Nabintu alimfikisha hospitali akiwa amembeba mgongoni, mtoto anachemka homa. Mkono ulikuwa umeunguzwa kwa mafuta ya moto kitambo, kidonda kikaoza chini ya nguo. Madaktari waliokoa maisha yake. Vidole havikufunguka tena. Maman Nabintu hakunigombeza kwa sauti. Alisema tu kwamba aliniita kwa ajili ya mtoto, nami nikaenda kusalimia mkubwa.

Nikakaa kando ya kitanda. Kwa ujinga wangu nikamuuliza Zawadi kwa nini siku ile hakuniambia. Hakunikasirikia hata kidogo.

"Nilikuona unakula naye, maman," akasema. "Nikajua wewe iko mutu yake."

Ee Mungu wangu. Nilitoka nje nikalia mpaka muuguzi akanifuata.

Ndugu wa baba yake walikuja wakitaka tuyamalize kwa kikao, na mbuzi, na pombe ya kasiksi ya kutosha. Safari hii nilikataa. Kesi ilienda kwa hakimu wa watoto, na Zawadi akapata familia ya kumlea kule Kamanyola. Watu walinisifu kwa hilo. Mimi najua nilichelewa. Msamaha nilimuomba, naye alinipa, lakini msamaha haufungui vidole.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyeanza kazi hii juzi, na wewe usiyeifanya lakini mnagawana ukuta na jirani. Heshima ni kitu kizuri, ila heshima ya mkubwa isipite juu ya mwili wa mdogo. Penye mashaka usitume habari. Piga hodi uingie. Mtafute mtoto akiwa peke yake, kaa chini, na usimuulize kama anapendwa. Muulize jana alikula nini, alilala wapi, nani humwamsha asubuhi, kisha unyamaze, maana mtoto aliyezoea kupigwa huongea polepole. Akiuficha mkono, uutazame kwa upole. Wakikukaribisha chakula, shukuru, sema utakula siku nyingine. Watasema una kiburi. Waache waseme. Na wakikuambia hayo ni mambo ya familia, kumbuka kikulacho ki nguoni mwako: wengi wa watoto niliowaona hawakuumizwa na mtu wa mbali. Nawe jirani, ukisikia kilio leo, usingoje kukizoea.

Nakubariki, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na tumbo linalojua kukataa. Aibariki nyumba yako, na kila mtoto atakayelala humo, wa kuzaa na wa kuletwa, aamke bila woga.