Diski Isiyo na Waya

Fundi wa kompyuta wa hospitali yetu tulimwita Bingwa, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa kukwamua kila kilichokwama: printa ya mapokezi, simu za wodini, mlango wa stoo ya dawa unaofunguka kwa kadi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limenyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Neno "sijui" halikupita kooni mwake. Nilifanya naye kazi miaka sita, sikuwahi kulisikia.

Kazi yangu mimi ni kupiga picha za eksirei. Siku hizi hatuzitundiki mbele ya taa kama zamani. Zinakaa kwenye kompyuta, na daktari anazifungua huko huko aliko. Kompyuta yenyewe haishikiki. Bingwa alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa: kwenye chumba cha juu kuna seva, sanduku kubwa la chuma, na ndani yake ametengeneza kompyuta pepe kadhaa, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Mojawapo ni ya picha zangu. Diski zake nazo ni pepe vile vile. Si vyuma vya kuchomeka. Ni mafaili makubwa tu, kompyuta ile inaambiwa "hizi ndizo diski zako," nayo inakubali.

Jumatatu moja asubuhi alikuja kuniambia diski ya picha inakaribia kujaa. Angeongeza nyingine, azime, awashe upya, dakika kumi kazi imekwisha. Nikasema sawa. Mfumo uliporudi, majina ya wagonjwa yote yalikuwepo. Nikafungua picha ya mzee mmoja aliyekuwa hapo nje kwenye kiti cha magurudumu, akisubiri kupasuliwa nyonga. Haikufunguka. Nikajaribu ya mwingine, ikawa hivyo hivyo. Picha za miaka sita, hata moja haipo.

Bingwa alikuja mbio, akakaa kwenye kiti changu. Aliangalia kama diski zote zimeunganishwa, zilikuwa zimeunganishwa. Aliangalia kama kompyuta pepe inaziona, ilikuwa inaziona. Akazima, akawasha tena. Akafungua mahali pa picha, pakawa peupe, hapana kitu. Jambo rahisi la kuiondoa ile diski mpya aone kitakachotokea halikumjia, maana hofu ilikuwa imeshapanda kichwani. Nakala ya akiba, ambayo ilikuwa kazi yake kuitunza, ilikuwa ya miezi minne nyuma. Hilo sikulijua siku ile. Nilichoona ni jasho kwenye shingo yake, na chumba kilikuwa baridi.

Mzee wa nyonga alisukumwa kurudi wodini. Wanawe walikuwa wameshamvua viatu na kuvifunga kwenye mfuko.

Jumanne asubuhi kulikuwa na kikao. Daktari mkuu ni mwanamke asiyepandisha sauti. Aliuliza, "Kimetokea nini kule juu?"

Bingwa alizipanga kalamu zake mfukoni. Kisha akasema, "Kuna waya ulichomoka. Nadhani wakati wa kusafisha."

Mlangoni alikuwa amesimama Shangazi na ndoo yake, akingoja tumalize apige deki. Hospitali nzima tulimwita Shangazi, kuanzia madaktari hadi walinzi. Alikuwa amefanya usafi pale miaka kumi na tisa, na kati ya wasafishaji wote ni yeye tu aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na macho yake hayakupitwa na vumbi.

"Mimi?" aliuliza.

Daktari mkuu alitugeukia sisi wengine, kama anayeuliza kama hilo linawezekana. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeelezwa mara ngapi kwamba diski zile hazina waya? Lakini Bingwa amesema, nani atambishia Bingwa. Shangazi aliuchomoa ufunguo kwenye shada lake la funguo, ukamchukua muda kwa sababu vidole vyake vilikuwa na maji, akauweka mezani. Siku hiyo hiyo akahamishiwa kwenye chumba cha kufulia mashuka.

Kesho yake Bingwa aliiondoa ile diski mpya, akawasha, na picha zote zikarudi. Hapo ndipo alipoelewa. Kwenye maagizo ambayo kompyuta huyasoma inapowaka alikuwa ameiandikia kompyuta kwamba diski ya pili ndiyo ya picha. Alipoongeza nyingine, ile mpya ikajitokeza ya pili, ya zamani ikasukumwa kuwa ya tatu. Kompyuta ikatii ilivyoambiwa: ikafungua ya pili, ambayo haikuwa na kitu. Picha zilikuwepo muda wote, salama, kwenye diski ya jirani. Kila diski ina namba yake ndefu isiyobadilika, na hiyo ndiyo aliyopaswa kuiandika tangu mwanzo. Akaiandika, akairudisha diski mpya, kila kitu kikakaa sawa. Kazi ya dakika tano.

Nilimpigia makofi. Tulimvika kilemba cha ukoka naye akakivaa. Daktari mkuu alipita akauliza, "Ule waya umeukaza?"

"Nimeukaza," akasema.

Aliniambia baadaye kwamba neno la kwanza lilimtoka kwa hofu, lakini hili la pili alilisema akiwa ametulia, na ndilo lililomnyima raha. Mkewe alimuuliza mbona hali chakula. Akasema meno yanamuuma.

Zilipita siku kumi na moja. Akaitwa chumba cha kufulia kuangalia simu ya ukutani. Shangazi alikuwa anakunja mashuka. Bingwa alimwamkia, "Shikamoo, Shangazi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama kawaida. Kisha akaweka shuka chini.

"Nilitaka kukuuliza. Ulikuwa waya upi?"

"Waya?"

"Ule niliouchomoa. Nimekikumbuka chumba chote, kona kwa kona, siuoni. Lakini mikono yangu siku hizi siiamini. Hata nyumbani, nyuma ya televisheni sifagii tena, anafagia mjukuu wangu. Niambie tu ulivyo, nisije nikauharibu na mwingine."

Bingwa alimtazama. Na badala ya kusema ukweli, akasema, "Ulikuwa mweusi."

"Mweusi," Shangazi alirudia, kama mtu anayekariri jina la dawa. "Ahsante, mwanangu. Na unisamehe kwa usumbufu."

Simu hakuitengeneza. Alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akanisimulia yote huku anatazama sakafu. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka kichwa changu kilivyotikisika pale kikaoni. Nikamwambia tu, "Usinieleze mimi. Mwenyewe yuko kule chini."

Alikwenda kesho yake asubuhi. Alimwambia Shangazi akiwa amesimama, kofia mkononi: hapakuwa na waya, hapajawahi kuwa na waya, kosa ni lake na alijua wakati anasema. Alipomaliza, mama yule alivua aproni akasema, "Twende ukanionyeshe."

Wakapanda. Bingwa akamfungulia skrini, akamwonyesha mistari mitatu, diski ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi aliinama akaisoma mmoja mmoja.

"Hizi ndizo?"

"Ndizo, Shangazi."

"Kwa hiyo nimekaa wiki mbili silali kwa kitu ambacho hata kukigusa hakigusiki."

Bingwa aliitikia kwa kichwa.

"Msamaha wako nimeusikia," akasema Shangazi. "Lakini umeniletea chini, peke yangu, mashuka yakisikia. Siku ile ulisema mbele ya watu. Nenda ukaseme palepale."

Jumanne iliyofuata alisema kikaoni, Shangazi akiwepo. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Hata lile la waya mweusi alilitaja, ingawa zaidi ya Shangazi na mimi hakuna aliyekuwa analijua. Daktari mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akamwambia atapata barua ya onyo, na kwamba nakala ya akiba itakaguliwa kila wiki na mtu mwingine. Akamgeukia Shangazi, akamwomba radhi kwa niaba ya hospitali, akamuuliza kama atarudi juu au atabaki kule kwenye mashuka.

"Nitarudi," akasema Shangazi. "Ila siku ya kwanza huyu asimame na mimi."

Akasimama. Shangazi alipangusa seva, rafu, dirisha, na kila alipofika kwenye waya aliuinua kwa vidole viwili na kuuliza kazi yake. Huu wa umeme. Huu wa mtandao. Huu haufanyi kazi, umesahaulika tu. Aliufuta kila mmoja kwa kitambaa, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Bingwa aliniambia kikao kilikuwa nafuu kuliko nusu saa ile.

Mzee wa nyonga alipasuliwa, akatoka kwa miguu yake na fimbo. Bingwa bado yupo kazini, hodari vile vile. Yeye na Shangazi wanaamkiana kila siku. Lakini akimwona anakuja kwenye ile korido ndefu ya wodini, huinamisha macho mapema mno, hatua ishirini kabla hawajafikiana, na Shangazi humwacha ainamishe.