Bakuli la Kahawa la Bibi Kokushubila

Nakumbuka siku niliposimama mlangoni kwa bibi yangu, Bibi Kokushubila, kule Chonyonyo, nikamwahidi kwamba bakuli lake litarudi kabla wakwe hawajafika kumposa dada yangu Anitha. Niliahidi kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba. Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi huohuo.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sina mvi hata moja, maana kosa hili limenizeesha. Nalisimulia kwa hasira, na sitaki kuificha.

Bakuli lenyewe ni la kauri ya Kichina, jeupe, lenye samaki wawili wa buluu wanaofukuzana ukingoni. Wazee wa ukoo husema lilifika Karagwe katika mizigo ya wafanyabiashara wa pwani, zamani za wafalme. Liliwahi kupasuka, na mhunzi akaliunga kwa pini tatu za shaba. Bibi hakuliweka kuwa pambo. Lilikuwa na kazi moja: kumpa mgeni kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa. Kwetu mwenyeji hutafuna kwanza, mgeni hufuata, na kuanzia hapo hakuna anayemdanganya mwenzake. Hatuandikiani karatasi.

Mgeni wangu, mtu nisiyemjua kabla, alikuja kwa gari kupitia mpaka wa Murongo. Alisema anakusanya vyombo vya kale vya Kichina, anavipiga picha, anaandika historia ya kila kimoja, kisha anavirudisha kwa wenyewe. Maneno hayo yalinilevya. Chuoni nilihubiri kila siku kuhusu urithi wetu unaopotea, na sasa nilidhani nimempata mtu anayejali. Tulipokaribia kwa Bibi, nikamfundisha: "Akikuletea kahawa, usisite. Pokea kwa mikono miwili, tafuna, shukuru. Ukitafuna tu, atakuamini."

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, mwanangu. Kosa langu lote limo humo.

Alipokea kwa mikono miwili. Alitafuna. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mtazame anavyokunja uso! Baba, hiyo si dawa ya minyoo."

Mgeni akaomba bakuli akalipige picha. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyambo, lugha yetu: "Wewe uliyesoma, huyu ni mtu wa kweli?"

"Ametafuna, Bibi. Umemwona."

"Nimemwona. Nakuuliza wewe."

Hapo ndipo nilipotoa ile ahadi. Bibi akalifunga bakuli kwa kanga yake, akampa mgeni kwa mkono wake mwenyewe.

Majuma yakapita. Nilipiga simu kila siku, hakupokea. Alipopokea hatimaye, alikuwa mtulivu kabisa. "Kijana, mbona unanisumbua? Bibi yako alinipa mwenyewe. Hata kahawa yake nilitafuna." Akakata. Alikuwa ameugeuza utaratibu niliomfundisha kuwa ushahidi wake dhidi yetu. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia huyo, na bado nafsi yangu niliichukia zaidi.

Wakwe wakafika kutoka Rugera. Bibi akatoka na kahawa kwenye sahani ya plastiki, ya rangi ya waridi, mpya kutoka gulioni. Mzee aliyewaongoza wakwe aliitazama sahani ile, akauliza:

"Mama, marehemu mama yangu alipoolewa, kahawa yake ilitoka katika bakuli la nyumba hii. Samaki wawili. Liko wapi?"

"Mjukuu wangu msomi atakueleza," Bibi akajibu.

Nikasimama, nikaeleza mbele ya wote, Anitha akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, mzee akachukua punje chache, akazifunga katika leso yake, akaitia mfukoni. "Sijakataa binti," alisema. "Nitazitafuna bakuli likirudi." Wakaondoka kwa heshima. Anitha bado anangoja, na hajanitupia neno baya hata moja. Afadhali angenitukana.

Jioni ile nilimpigia Bibi magoti. Hakunipandishia sauti.

"Chombo ni chombo, kingeweza kuanguka hata mikononi mwangu. Lakini kahawa, mjukuu wangu! Ulimfundisha mtu namna ya kuitafuna bila kumwambia kwamba inamfunga. Kesho nitampa nani kahawa nikiwa na moyo mweupe?"

Swali hilo nalibeba hadi leo.

Basi nisikilize, wewe unayerudi nyumbani na cheti mkononi. Elimu yako itakufanya mlango ambao wageni watapitia kuingia kwa bibi zako. Usimfundishe mtu heshima ya kwenu kama mbinu ya kupata anachotaka. Akitaka kuijua, kwanza ajue inamdai nini. Anayetaka chombo cha kale akiombe mbele ya ukoo na majirani, kwa jina lake kamili na mahali anapoishi. Na bibi yako akikuuliza kama mtu fulani ni wa kweli, nawe humjui, sema humjui. Utaona haya kwa dakika moja tu.

Mungu akupe ulimi usioahidi usichokiweza, na azijalie nyumba za kwenu wageni wanaotafuna kwa nia njema.

Nami nina ombi. Ukiona mahali popote, kwenye kabati la tajiri au katika picha ya simu, bakuli jeupe lenye samaki wawili wa buluu na pini tatu za shaba, mwambie aliyenalo kwamba mwenyewe yuko hai Chonyonyo, na analihitaji. Tafadhali, mwombe alirudishe.