Constante Yenye Nilikata

Ule mwaka wa uasi, profesa wetu wa hesabu ya équations différentielles alikuwa anatoka Bukavu. Barabara ya huko ilikuwa imefungwa na vita, akazungukia Burundi, akaingilia kwetu ku mupaka wa Kavimvira na mufuko moja ya makaratasi. Alikuwa na siku kumi tu za kufundisha, kutupima na kurudi. Syllabus yake, yale makaratasi ya somo lote, ilikuwa moja, lazima ikopiwe mbio. Wenzangu wakanitupia miye, juu niko na mwandiko muzuri.

Nilikopia siku mbili karibu na dirisha yenye kuangalia ziwa. Kungoja siwezi, na ile hesabu ilikuwa inanibeba. Profesa alisema équation haikuambii kitu kiko wapi, inakuambia tu namna kinabadilika. Nikaangalia maji. Asubuhi iko kijivu, saa sita inangaa kama bati mupya, kisha milima ya ngambo inapotelea mu ukungu. Nikawaza kila kitu iko na équation yake: chungu ya maharagi yenye inapoa, muto Ruzizi yenye inaingia mu ziwa na matope yake, hata woga ya mama, yenye ilikuwa inapanda akisikia risasi mu milima na kushuka polepole mpaka saa ya bugali.

Kichwa iko kule, mukono inakimbia. Mwisho wa kila jibu kulikuwa "+ C", ile constante, namba yenye haibadiliki. Kila mara ile ile tu. Nikaiona kama mapambo. Kuanzia ukurasa wa tano nikaikata.

Wenzangu kumi na tisa wakakopia kwangu, wakashika yote mu kichwa, mustari kwa mustari, vile tulizoea.

Baba alikuwa ameniambia wazi: ukianguka huu mwaka, masomo imeisha, unaenda kwa shangazi yako, kule Kasenga, kushona.

Siku ya examen tuliitwa moja moja mbele ya ubao. Wa kwanza akatoka na jasho.

«Ananiuliza C iko wapi. C gani?»

Wa pili, vile vile. Wa tatu, mutu muzima mwenye alishafundisha shule ya primaire, akanigeukia pale tulikuwa tunangojea.

«Weye mwenye kutukopilia, hiyo C umeipeleka wapi?»

«Aliikula na bugali!» mwingine akadakia.

Wakacheka. Nilikuwa peke yangu mwenye kujua. Kama nangojea zamu yangu, naandika C, napita. Wao wanaanguka.

Nikagonga mulango bila kuitwa.

«Profesa, musiwaangushe wenzangu. Ni miye nilikata C.»

«Juu ya nini?»

«Ilikuwa inanikawisha.»

Akavua miwani. Akaniangalia muda murefu.

«Haya. C ni nini?»

Nikatafuta jibu inje, kule kwa maji.

«Ni pale kitu kilianzia. Maharagi ya kwetu na ya jirani yanapoa namna moja. Lakini ya kwetu yalitoka kwa moto zamani, yake sasa hivi. Kama sijui hiyo, naona tu mistari mingi, moja juu ya ingine kama mawimbi, na sijui yetu ni ipi.»

Profesa akavaa miwani tena.

«Hii jibu naingojea tangu asubuhi.»

Akaita wale watatu warudie. Akaandika + C kubwa kwa ubao, ili kila mwenye kuingia aione. Kisha akanigeukia.

«Jibu yako ni muzuri, binti. Kazi yako ni mubaya. Tisa.»

Tisa juu ya makumi mbili. Kupita ni kumi.

Nyumbani baba alikuwa anakula.

«Umepita?»

«Bado. Nitarudilia examen mwezi wa tisa.»

«Na wenzako?»

«Wote wamepita.»

Nikamueleza yote, hata ile ya kukata. Akakamata tonge, akalichovya mu mboga, akalikula. Nikangoja, miye mwenye sijui kungoja.

«Shangazi yako,» akasema, «nitamuambia angojee mwezi wa tisa.»