Sikio la Kushoto

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Rwambuzi, mbwa hakutikisa kichwa bure. Mtu akitoka kwenda safari, na mbwa akatikisa kichwa pale mlangoni mpaka masikio yakapiga kofi, msafiri alivua viatu, akarudi ndani, akakaa kitini, akanywa maji, ndipo akaondoka upya. Baba yangu, aliyepeleka sabuni na vitenge Komanda kwa pikipiki, alifuata desturi hiyo bila kunung'unika, ingawa kwa mambo mengine alinung'unika sana. Lakini mbwa akitikisa asubuhi tatu mfululizo, haikuwa tena habari ya viatu. Maana yake amesikia wafu wakitaja jina la mtu wa nyumba hiyo, na sharti mbwa huyo aondolewe kabla hawajalimaliza. Na ole wako uchungulie ndani ya sikio lake: jina utakalolisikia humo litakuwa lako.

Aliyetufundisha hayo ni nyanya yangu, mama wa baba, ambaye sote tulimwita Koko. Wala hakuwa akibahatisha. Tangu Babu azikwe, alikuwa akimwita Koko katika sikio la kushoto, kila alasiri, saa ya kuchagua maharagwe. Alitueleza jambo hilo wazi, kama mtu anayetoa habari za jirani. Kwa hiyo ubavu wake wa kushoto ulikuwa wa Babu, na hakuna aliyethubutu kukaa hapo. Ukitaka Koko akusikie, ulikaa kulia. Mimi niliona ni heshima tu, sikuuliza zaidi.

Mbwa wetu aliitwa Tigre, yaani chui milia kwa Kifaransa, jina la bure kabisa, maana alikimbia hata kuku. Alikuwa na rangi ya udongo na masikio yaliyolala. Nilimpenda kuliko kaka zangu wawili, na wao walijua.

Juma moja akatikisa kichwa asubuhi mbili mfululizo; ya tatu ilikuwa Jumatano. Baba alikuwa tayari amewasha pikipiki. Tigre akasimama kizingitini, akatikisa kichwa, pa-pa-pa. Baba akazima. Koko akaweka ungo wake chini.

"Ile imbwa inasikia mutu," alisema. "Siku ya posho dereva ya lori ya Niania anapita. Ataibeba, ataitupa mu pori."

Siku ya posho ni Jumamosi. Nilimtazama mama, mama akatazama sufuria. Nililia mpaka nikapata kwikwi, kisha nikakasirika, na hasira ilinisaidia kuliko machozi. Mimi ni mbishi tangu tumboni, mama yangu ni shahidi. Nikajiambia, huyu mbwa hatapanda lori la mtu.

Siku ile yote nilimfuata Tigre kila alikokwenda. Nikaona kwamba alitikisa kichwa hata pasipo msafiri, hata akiwa peke yake nyuma ya choo. Alijikuna kwa mguu wa nyuma, sikio la kushoto tu, na kila akijikuna alilia. Alitembea ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilipomkumbatia nikasikia harufu, ile ya mihogo iliyosahauliwa kwenye maji. Nikanusa upande wa kulia: hakuna harufu. Nikawaza, wafu gani hawa wanaonuka mihogo, na tena sikio moja tu?

Alhamisi baada ya shule nilimfunga Tigre kamba, nikampeleka kwa Papa Dezire, muganga wa ng'ombe, barabara ya pili kutoka kwetu. Mzee huyu aliingiza vidole masikioni mwa ng'ombe kila juma la Mungu, akitafuta kupe. Nikamweleza yote. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mi niko muganga ya ngombe, hapana ya imbwa."

"Sikio ni sikio, Papa."

"Koko yako alishasema. Mi siangalie mule."

Alikuwa mtu mzima, mwenye sindano ndefu kama kalamu, na aliogopa. Nami niliogopa, nisidanganye. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

"Basi geuka," nilimwambia. "Mi naangalia, weye uliza."

Akageuka kweli, uso ukutani. Nikamshika Tigre kati ya magoti, nikalifunua lile sikio, nikangoja jina langu. Nilisikia pumzi za mbwa tu, na moyo wangu.

"Iko nyekundu?" Papa Dezire aliuliza ukuta.

"Ndiyo. Na imevimba."

"Inatoka nini?"

"Maji ya manjano, inanuka. Ile ya kuume iko safi. Na hapa kuko kupe, kubwa kama haragwe."

"Kupe? Wapi?"

Alikuwa ameshageuka. Kazi ya mtu ina nguvu kuliko hofu yake. Alichukua tochi, akainama, akamkamata kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole moja kwa moja. Akamulika ndani kuona kama ngozi ile nyembamba ya ndani haijapasuka, kwa sababu ikipasuka, alisema, si kila dawa inafaa. Kisha akachovya pamba katika maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, akasafisha pale kidole kinapofika, si zaidi.

"Usiingize kijiti," alinionya. "Usitie mafuta ya moto, usitie petroli. Batu benye kufanya vile banaua masikio ya imbwa. Dawa hii, tone tatu asubui, tone tatu mangaribi, siku saba. Hata akiacha kutikisa, weye maliza siku saba."

Nilirudi nyumbani na chupa ndogo mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Koko, upande wake wa kulia. Sikutaka kumficha.

"Koko, niliangalia mule."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. "Ulisikia jina ya nani?"

"Sikusikia jina. Niliona kupe."

Akaokota haragwe bovu, akalitupa. "Tutaona siku ya posho," alisema.

Jumamosi ikafika. Dereva wa Niania aliegesha lori barabarani, akaja kusimama uani na kamba yake. Baba akavaa viatu. Tigre akatoka, akasimama kizingitini, nami nikamwomba Mungu kwa meno yaliyofungana. Akatikisa kichwa. Mara moja tu, lakini alitikisa.

Baba akainama kufungua viatu. Nikaruka, nikamketisha Tigre, nikalifunua sikio mbele yao wote, nikapangusa, nikahesabu matone matatu.

"Papa, enda tu," nilisema. "Iko nauma bado. Dawa haijamaliza kazi."

Baba alimtazama mama yake. Alitazama sikio la mbwa, kwa mara ya kwanza nadhani. Kisha akafunga kamba za viatu, akaondoka bila kukaa kitini. Dereva akangoja kidogo, Koko hakumwita, naye akaenda zake.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizoishi. Kama kitu kingempata baba njiani, ni mimi niliyemwambia aende. Sikula. Nilikaa barabarani na Tigre mpaka jua likaegemea, hata nikaisikia pikipiki kabla sijaiona. Baba alishuka na vumbi lake na mananasi mawili, akalalamikia barabara, nami nikamshika suruali.

Siku saba nilizimaliza. Tigre akaacha kutikisa kichwa.

Alasiri moja baada ya hapo, nikipita uani, Koko aliniita. Alikuwa ameinua kitambaa chake, sikio la kushoto liko wazi.

"Na yangu, angalia."

Nilisita kuliko nilivyosita kwa mbwa. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi, mgumu, umeziba kabisa. Sikugusa. Nilimwambia nilichokiona, na kesho yake mama akampeleka kituo cha afya, wakaulainisha na kuuosha. Aliporudi alisimama langoni, akishangaa kelele za ndege.

Lakini alasiri ilipofika, alikaa na ungo wake asichague haragwe hata moja. Alikuwa anangoja. Nilimwona kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ni nini nilichokuwa nimemwondolea.

"Iko kimya," alisema hatimaye. "Babu yako haniitake tena."

Nilianza kulia. Nilitaka kuomba msamaha, sikujua wa nini.

"Kuya," alisema Koko, akiniashiria nije nikae. "Ikala uku, kwa kushoto."

Leo nina mbwa wawili, na kila Jumapili nawafunua masikio, nanusa, nalinganisha. Nimewahi kujiuliza kama Koko hakujua tangu mwanzo alipoinua kile kitambaa kwamba angempoteza Babu mara ya pili. Nadhani alijua. Alikuwa mbishi, na mimi ubishi sikuuokota njiani. Siku ile nilikwenda nikakaa pale ambapo hakuna aliyewahi kukaa, akanisogezea ungo, tukachagua maharagwe mpaka yakaisha.