Daktari Aliyesahau Kupe

Watu wa Skarvøy, kijiji cha wafugaji pwani, walimwogopa Torunn Bakkelid kwa jambo moja tu, nalo ni kupe. Ukimkaribisha kahawa, hajakaa vizuri ameshauliza kama mbwa wako amekaguliwa nyuma ya masikio. Ukikaa mbele yake kanisani, ujue shingo yako inachunguzwa kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Mfukoni alitembea na kichupa cha spiriti chenye kupe wa kila umri, na alikitoa mezani, katikati ya sahani za mkate na jibini, bila haya wala soni.

"Toa uchafu wako mezani kwangu!" Oddny Skarstein alimfokea kila mara. Oddny alikuwa mwenyekiti wa wafugaji wa kondoo, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo.

"Uchafu huu ndio unaokula kondoo zako, Oddny."

"Basi ungoje nimalize kula mimi kwanza."

Torunn alikuwa daktari wa mifugo, mnene, mwenye sauti ya kuita kivuko kutoka ng'ambo, na nywele zimemgeukia mvi hapohapo pwani. Lakini kwao kulikuwa bondeni, ndani kabisa ya mkoa, chini ya milima ya theluji ambako kupe hawafiki. Hilo watu wa Skarvøy hawakulisahau. Alizalisha ng'ombe wao, alicheza dansi kwenye harusi zao, na bado wakimtaja walisema "yule wa bondeni." Hawakuwa na ubaya. Ndivyo walivyo, hata aliyehamia kutoka shamba la jirani wanamhesabu mgeni mpaka anazikwa. Torunn alicheka pamoja nao, ila lilimkera, tena sana.

Sasa, Skarvøy kuna chama cha madume ya kondoo. Mashamba yenyewe ni madogo, na kila mtu kufuga dume lake ni usumbufu mtupu. Kwa hiyo wanamiliki dume mmoja kwa pamoja, na kila vuli anazungushwa shamba hadi shamba, anakula kwa huyu na kupanda majike kwa yule. Kumchagua ni kazi ya mkutano, na mkutano huo una kelele kuliko uchaguzi wa mbunge.

Mwaka ule dume wao Truls alikuwa amezeeka. Alikuwa na doa jeusi kuzunguka jicho moja, kama mlevi aliyepigwa ngumi, na tabia yake ilifanana na sura yake. Walikwisha kubaliana kwamba atachinjwa kwa karamu ya vuli, achemshwe na kabichi mpaka alainike. Kilichobaki ni kumpata wa kushika nafasi yake.

Hapo Torunn akasimama. Binamu yake wa bondeni alikuwa na dume anaitwa Baron, na Torunn alimsifu huyo Baron mpaka kahawa ikapoa. Mgongo mpana kama meza! Sufu ya kulalia mtoto mchanga! Uso ulimng'aa kwa fahari, maana kwa mara ya kwanza kitu cha kwao kilikuwa kinahitajiwa pwani.

"Haya, tumemsikia daktari," Oddny alisema. "Wanaokubali?" Mikono yote ikapanda.

Baron akaletwa, akashushwa kwenye malisho ya Asbjørn Myklebust, kando ya maji, penye nyasi zinazofika magotini na umande usiokauka. Vuli ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Baada ya muda si mrefu Asbjørn akapiga simu.

"Torunn, huyu ndugu yako hali kitu. Amesimama tu anatazama milima. Nadhani amekumbuka kwao."

"Kondoo hakumbuki kwao, Asbjørn."

"Wewe mbona unakumbuka?"

Torunn alikuja huku anacheka. Akamshika Baron, akampima joto, na kicheko kikakatika. Mnyama alikuwa anawaka moto. Akamgeuza sikio. Kupe. Akamwinua mguu wa mbele, akatazama kwapani. Kupe wamejazana, wameshiba, wananing'inia.

Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaimbia kila mwaka: mnyama aliyekulia pasipo kupe hana kinga, mpakeni dawa mgongoni kabla hajakanyaga malisho ya huku. Aliwaimbia mpaka wanaziba masikio. Na huyu mmoja, kwa kuwa alikuwa wa kwao, alimtazama mgongo na sufu, asimkumbukie kupe. Alijua pia kinachofuata. Homa ya kupe ikimpata dume, anaweza kupona vizuri kabisa, ale, anenepe, apande majike kwa bidii zote, na kusitoke kitu. Mbegu zinakosa nguvu kwa wiki nyingi, pengine miezi. Masika yangefika na mazizi ya kijiji kizima yangekuwa hayana mwanakondoo hata mmoja.

"Ni mafua?" Asbjørn aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Masika wangelaumu hewa ya bahari, au majani, au Mungu. Akiumeza ukweli angebaki daktari asiyekosea. Akiusema, watu wangekuwa na haki ya kumwita wa bondeni mpaka mwisho wa dunia. Torunn alitamani kulia, na hasira zote zilikuwa juu yake mwenyewe.

"Si mafua," alisema. Akamdunga Baron sindano, na palepale akakumbuka jambo jingine. "Truls anachinjwa lini?"

"Leo. Oddny alikuwa ananoa kisu nilipopita."

Torunn hakuaga. Gari lake lilipanda kilima likirusha matope, akapiga honi tangu langoni kwa Oddny. Truls alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna kamba yake kwa dharau. Oddny alikuwa na kisu mkononi, na sufuria la kabichi limekwisha injikwa.

"Usimguse!" Torunn alinguruma mpaka kuku wakatawanyika. "Baron ana homa ya kupe. Vuli hii hafai kitu. Nimekosea mimi, Oddny. Nilisahau kuwaambia mumpake dawa. Nilimpenda mno kwa kuwa ni wa kwetu."

Oddny alimgeukia, kisu bado mkononi.

"Wewe? Ukasahau kupe?"

"Mimi."

"Wewe unayenikagua shingo kanisani?"

"Mimi, jamani, mimi! Unataka niseme mara ngapi?"

Oddny akaweka kisu chini. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha sauti ikatoka, na Torunn akatambua kwamba alikuwa hajawahi kumwona huyu mama akicheka hadi machozi. "Karamu itakuwa ya kabichi tupu," Oddny alisema akijifuta macho, "na wewe ndiye utakayewaeleza kwa nini."

Akawaeleza, amesimama mbele ya watu na sahani zao za kabichi. Walimtania usiku kucha. Truls naye alizungushwa mashambani, akalalamika njia nzima, akafanya kazi yake. Masika yakaja, na kila zizi likajaa wanakondoo wenye jicho moja jeusi, kama kwamba kijiji kizima kilikuwa kimetoka kwenye ugomvi wa baa.

Vuli iliyofuata mkutano ulikuwa kwa Oddny. Baron alikuwa amepona, amenenepa, na mbegu zake chini ya hadubini zilikimbizana vizuri. Asbjørn akauliza kama ni busara kumrudisha kazini, maana si ni wa bondeni yule?

"Bondeni gani?" Oddny alisema. "Kupe wetu wamemng'ata, akaugua, akapona. Huyo ni wa hapa." Akageukia upande wa dirishani alikokaa Torunn. "Na daktari wetu naye ni wa hapa. Wageni huwa hawakosei, hukaa wanatufundisha tu. Huyu amekosea mbele ya macho yetu, akasema mwenyewe."

Torunn akapeleka mkono mfukoni, akatoa kichupa chake, kisha akasita, akikumbuka yuko meza ya nani.

Oddny alisogeza sahani ya jibini pembeni ili kipate nafasi.