Farasi wa Kinyozi Hapendi Mikusanyiko

Kinyozi alikuwa na kipawa cha kuzungumza na kichwa kimoja. Ukikaa kwenye kiti chake na kufungwa shuka shingoni, ulipewa siasa, dawa ya kikohozi, na habari za nyumbani kwako ambazo hata wewe ulikuwa huzijui. Lakini vichwa vikizidi vitatu, ulimi wake ulifunga duka. Kwenye vikao vya ukoo alikaa karibu na mlango na kuitikia kwa nyusi. Siku ya harusi yake mwenyewe, marehemu mkewe ndiye aliyejibu mara mbili: mara ya kwanza kwa niaba yake mwenyewe, mara ya pili kwa niaba ya bwana harusi.

Mtu wa namna hiyo kumiliki farasi wa polisi ni sawa na kipara kununua kitana. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kikosi cha farasi kilipovunjwa, farasi wazee walitolewa bure kwa yeyote mwenye nyasi na moyo. Kinyozi, aliyekuwa akienda kambini kuwanyoa askari, moyo alikuwa nao. Nyasi akaomba kwa majirani. Farasi akaitwa Afande. Alikuwa mpole, haumi, harushi mateke, na binti wa pekee wa kinyozi alikulia mgongoni mwake uani kama watoto wengine wanavyokulia kwenye baiskeli.

Barabarani aliyempanda ni baba, na huko ndiko kulikokuwa na kazi. Afande akikuta watu wamekusanyika, aligeuka ubavu, akawasogelea taratibu kama kabati linalohamishwa, akawasukuma bila chuki yoyote mpaka kila mtu akajikuta yuko kwake. Alishatawanya foleni ya maji. Alishatawanya washabiki wa mpira, wa timu zote mbili, bila upendeleo. Mtaa ulipoitisha kikao cha kujadili tabia yake, alikitawanya nacho kabla hakijafunguliwa.

Sasa binti alikuwa anaolewa, na hakutaka gari lenye maua. Alitaka aingie kwenye ua wa ukumbi juu ya Afande, baba mbele ameshika hatamu, yeye nyuma na shela lake. Kinyozi alikubali kabla hajafikiri, maana mama mtu hayupo, na hicho ndicho kitu pekee ambacho mtoto alimwomba. Alipofikiri, akakosa usingizi. Ukoo wa mke, ukoo wa mume, marafiki na wadoezi, wote ndani ya ua mmoja. Angetawanya ndoa ya mwanawe kwa mkono wake.

Akamwendea dada yake mkubwa. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke aliyekaa kando ya wanafunzi miaka mingi mpaka akawa anakanyaga breki hata akiwa usingizini. Kufundisha farasi hakuwahi, ila aliamini kwamba chochote kinachokwenda mbele kikiwa na mtu mwoga juu yake kiko chini ya mamlaka yake.

Aliwakusanya ndugu kwenye uwanja wa shule na kuwaamuru wajifanye wageni wa harusi. Waliigiza vizuri kupita kiasi. Wengine walianza palepale kunung'unika kwamba chakula kimechelewa. Kinyozi akaja na Afande. Afande akageuka ubavu. Ndugu wakarudi nyuma, wakarudi tena, mpaka wakawa nje ya geti wakiulizana nani kafunga mkutano.

Dada mtu aliwarudisha kwa maneno makali. Aliwaambia kwamba mnyama hujifunza pale unapomwachia, kwa hiyo wao wakirudi nyuma wanamlipa mshahara. Akisukuma mkakimbia, atajua kusukuma ndiyo kazi nzuri. Wasimame imara. Wakasimama, na shemeji mmoja, aliyesimama imara kuliko wote, ikabidi atolewe ndani ya ua wa michongoma kwa kuvutwa miguu.

Ndipo dada mtu alipomwambia mdogo wake ashuke. Akapanda mwenyewe, na gauni lake la nyumbani, akajimwaga kwenye tandiko kama mtu aliyefika kwake baada ya safari ndefu. Afande akapita katikati ya ukoo mzima polepole, kama mgeni anayetafuta kiti, hakumgusa mtu.

Dada mtu akamsimamisha mbele ya mdogo wake.

"Farasi wako mzima," akasema. "Ubovu uko juu yake."

"Dada, mimi nimempanda miaka yote hii."

"Hata mimi nina wanafunzi wameendesha miaka yote. Wanaendesha kuelekea mtaroni."

Akamweleza alichokiona akiwa chini. Kinyozi akiona watu, pumzi inakata. Magoti yanabana, kifua kinainama mbele, macho yanatafuta njia ya kutokea. Na farasi wa polisi amefundishwa kwamba mpandaji akibana hivyo na kuinama hivyo, maana yake ni moja.

"Kila siku unampa amri ya kutawanya watu, halafu unamlaumu kwa kutii. Na useme kweli, si ndicho unachokitaka? Tuondoke sote?"

Kinyozi akaangalia ukoo wake, wote wamekaza macho kumwangalia, na hakukana.

Mafunzo yakahamia kwa mtu. Vikuku vya kuwekea miguu vikafungwa juu, miguu ining'inie na kurefuka, ajifunze kukaa kwa makalio badala ya kujishikilia kwa magoti. Mabega yashuke. Hatamu ishikwe kama unavyoshika kifaranga, asiponyoke wala asife. Aangalie anakokwenda, asiangalie anachokiogopa, kwani mwili hufuata macho na farasi hufuata mwili. Kuhusu pumzi, dada mtu alimtaka aimbe, kwa sababu anayeimba hawezi kuzuia pumzi. Kinyozi alisema bora afe. Mwishowe wakaafikiana kwamba atanong'ona habari za vichwa: akifika penye watu, achague kichwa kimoja, aseme kina shida gani, ahamie kingine. Ndugu wakakubali kutukanwa nywele kwa manufaa ya ndoa.

Siku yenyewe ikafika. Kinyozi ndani ya suti, binti nyuma yake amemshika kiunoni, shela limefunika mkia wa farasi. Ua umejaa pomoni. Kinyozi akashusha mabega, akaanza. "Huyu mba. Huyu apunguzwe kisogoni. Mama huyu wigi limekaa upande." Afande akaelea katikati ya watu kama siagi.

Kisha kinyozi akamwona bwana harusi.

Mkwe alikuwa amenyolewa kwingine, na vibaya. Mstari wa paji la uso ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama ulipimwa na mlevi ndani ya gari bovu. Pumzi ikakata. Magoti yakabana. Afande, mtumishi mtiifu, akageuka ubavu.

Bwana harusi akasukumwa hadi ukutani na kubandikwa kwenye mapambo. Mjomba wake akarudi nyuma hatua moja, na safu nzima ikamfuata. Akina mama wakaanza kuokota mikoba. Geti lilikuwa wazi, na harusi ilikuwa inatoka kwa miguu yake yenyewe.

"Baba," binti akasema mgongoni mwake, kwa sauti iliyokuwa inaanza kulia.

Kinyozi akafungua kinywa, mbele ya watu wote wale.

"Nani amekunyoa?"

Ua mzima ukasimama kusikiliza. Bwana harusi akajibu, ubao wa maua umemkaa begani.

"Nilikuogopa, baba. Nikae kwenye kiti chako, wewe na wembe, mimi na shingo, halafu tuzungumze habari za binti yako?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama wenye mikoba, kikasambaa, kikamfikia kinyozi mwenyewe. Na mtu anayecheka kwa tumbo hana uwezo wa kubana magoti. Afande akasimama, akapumua kwa nguvu puani, akashusha kichwa.

Watu wakarudi vitini. Mjomba akarudi akiwa na mkoba usio wake. Bwana harusi akajibandua ukutani, akainua mikono, na bibi harusi akamshukia kama gunia, shela likanasa kwenye kikuku na ikabidi litolewe na watu wengi kwa ushauri mwingi.

Dada mtu akaja kumwambia mdogo wake ashuke, wapiga picha wamemaliza, na farasi naye anataka kupumzika. Kinyozi alikuwa anaangalia watu waliokuwa wamemzunguka pande zote, wakizungumza naye wote kwa pamoja.

"Niache kidogo, dada," akasema. "Nashuka sasa hivi."