Siku Niliyomsalimia Doto

Tulikuwa watano ndani ya lile gari, na wote nawataja hapa ili asije mtu akasema bibi aliota. Aliyeendesha ni Kulwa Mabula, mtoto wa huko Mhunze, dereva wa duka. Pembeni yake alikaa tajiri wangu, Bwana Kassamali, mwenye duka la sururu na kamba za wachimbaji pale Geita mjini, ambaye nilimpikia miaka kumi na moja. Nyuma, kwenye mabenchi ya chuma, alikaa dada yake, Bi Gulbanu, aliyekuja kututembelea kutoka Tabora. Halafu binti yangu kitinda mimba, Milembe, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka hilohilo. Na mimi, mzaliwa wa Samuye. Bwana Kassamali na dada yake wametangulia mbele ya haki. Milembe yu hai, mwulizeni.

Sasa nawaambia ukweli: mimi sikupanda gari kwenda kutazama milima. Milima nimeiona tangu nikibebwa mgongoni. Nilipanda kumtazama Kulwa. Alikuwa ameleta posa ya Milembe, na ukoo wake siujui, Mhunze ni mbali. Nikasema, acha nikae nyuma yake kutwa nzima nimsome. Mtu akiendesha gari kwenye mashimo utamjua ana hasira au hana.

Ilikuwa miaka ya tisini, mvua ya El Nino ilikuwa haijaja. Wageni wa kutafuta dhahabu walikuwa wamejaa, na Bwana Kassamali alikuwa na Landrova kuukuu aliyoikata paa, akaifunga mabomba ya kushikilia. Kulwa aliwazungusha wageni milimani kwa gari hilo. Alijua kueleza, niamini. Alikuwa anasimamisha gari, anaweka mguu kwenye bampa, anaanza: jiwe hili ni kuku na vifaranga wake, lile kule ni bibi aliyebeba kuni. Ukitazama, kweli unamwona bibi na kuni zake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu Usukumani, mtu akiitwa Kulwa, basi alizaliwa na Doto. Huulizi. Na sisi tulivyolelewa, pacha hasalimiwi mmoja ukamwacha mwenzake, na ukimpa mmoja chakula, mwenzake unamwekea chake hata kama yuko mbali. Kwa hiyo Kulwa alipoleta gari mlangoni saa tatu asubuhi, nilifanya kama mama yangu alivyonifundisha.

"Mwangaluka, Kulwa. Na Doto hajambo huko aliko?"

Aligeuka akaanza kuyapiga matairi teke, moja baada ya jingine. Nikasema moyoni, kijana gani huyu, anaulizwa hali ya nduguye anajifanya kuangalia upepo? Nikaliweka hilo akilini.

Tukaondoka. Vumbi tupu, jua linachoma, gari linarukaruka hadi meno yanagongana. Bi Gulbanu alijifunga mtandio mpaka puani. "Kassam, umenileta hapa nipumzike au nivunjike?"

"Shika bomba, dada. Gari hili limebeba wazungu wanene, halijaangusha hata mmoja."

"Kwa hiyo unanihesabu na wanene?"

Tulicheka sana. Tuliposimama mara ya kwanza, chini ya mlima, nilifungua kapu. Nilikuwa nimepika chapati, nikazikunja na mayai. Nikampa Kulwa mbili. "Hii yako, hii ya Doto."

Alichukua moja. Ile nyingine aliitazama kama vile nimempa kaa la moto. "Iweke tu hapo, mayu," akasema, akaonyesha jiwe. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nikaiweka pale jiweni, nikaifunika kwa jani pana. Milembe akanikonyeza: "Shemeji yangu ataikuta imekauka, mama." Tukacheka tena. Mungu anisamehe, tulicheka.

Tukapanda mlima kama nusu saa, gia ya chini, gari linalia. Kwenye kona moja, juu ya mwamba, alisimama mtu. Alikuwa mwekundu kwa udongo kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama vijana wanavyotoka kwenye duara, yaani lile shimo refu la kuchimbia dhahabu. Lakini uso ulikuwa wa Kulwa. Paji lile, mwanya uleule, masikio yaleyale yaliyosimama. Na alikuwa anakula chapati.

"Kulwa!" Bi Gulbanu akapiga kelele. "Si ndugu yako huyo? Maskini, mmefanana!"

Milembe akasimama, akashika bomba kwa mkono mmoja, akapunga mwingine. "Hujambo, shemeji!"

Mtu yule akainua mkono, taratibu. Kulwa akakanyaga mafuta, tukapita tukiyumba.

"Wewe, simama tumsalimie mtu!" Bwana Kassamali akafoka. "Adabu gani hii?"

"Breki si nzuri kwenye kona, bosi."

Mimi nilikuwa nyuma yake. Upepo wote ule, na shingo yake ilikuwa inachuruzika jasho.

Mtaniuliza, bibi, hukushtuka? Chapati niliiacha chini ya mlima, gari limepanda nusu saa, yeye katangulia vipi? Nilijiambia kwamba vijana wa machimboni wana njia zao za mkato. Wewe ungefikiri nini? Mchana kweupe, watu wazima watano, nani anafikiria maiti?

Kona iliyofuata, alikuwepo. Safari hii hakupunga. Wala hahemi. Kona ya tatu, alikuwepo tena, karibu zaidi na barabara, hata ningeweza kumgusa. Bi Gulbanu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakuna aliyecheka sasa.

Juu kabisa unaliona ziwa kwa mbali, linang'aa kama bati jipya. Ndilo tulilolifuata. Naapa hakuna aliyelitazama. Kulwa hakuzima injini, hakuweka mguu kwenye bampa, hakutaja jiwe hata moja. Bwana Kassamali alizunguka gari mara mbili akiwa ameshika kofia yake. Mimi nilikuwa nikiita tu, "Milembe, njoo hapa. Milembe, usiende ukingoni," na hata hakuwa amesogea. Nikakaa nikasimama, nikakaa nikasimama. Kisha tajiri akasema, "Twendeni nyumbani," na tukagombania kupanda kama watu waliofukuzwa.

Tulipoanza kushuka, gari likawa zito nyuma. Kabla sijajua kwa nini, nilimsikia Milembe akisema kwa sauti ndogo, sauti ya adabu, "Karibu, shemeji. Kaa."

Nikageuka.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, baada ya Milembe, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Udongo ulikuwa ukimdondoka masikioni, unadondoka na hauishi. Ulikuwa udongo mbichi. Kiangazi kile, barabara nzima vumbi, yeye alinuka udongo wa chini kabisa ambao haujaona jua. Bi Gulbanu akaanza kusoma dua.

Alinitazama mimi, si mwingine. "Wabeja, mayu," akasema. Alikuwa ananishukuru. Sauti ni ya Kulwa kabisa. "Tangu niliposhuka shimoni, hakuna aliyeniulizia."

Hapo usukani ukageuka. Kulwa hakuugeuza, niliona mikono yake ikiupinga kwa nguvu zote. Gari likaiacha barabara, likashika njia ya kushoto, njia ya zamani iliyoota majani, inayokwenda kwenye maduara yaliyoachwa.

"Niache!" Kulwa akalia. "Doto, niache, si mimi niliyekufukia!"

Na ndipo alipoyasema yote, huku gari linateremka na breki hazishiki. Miaka miwili nyuma, wakiwa bado wachimbaji wote wawili, siku moja zamu ya kushuka shimoni ilikuwa yake. Alitoroka alfajiri kwenda mjini, barazani kwetu, kupimwa suruali ambayo hakuihitaji, kwa sababu anayepima ni Milembe. Doto alishuka badala yake. Duara likaanguka. Hawakumtoa. Na Kulwa hakumwambia mama yake. Miaka miwili, kila akipatikana mtu wa kwenda Mhunze, alimpa salamu za watoto wawili, na khanga mbili, moja kutoka kwa kila mmoja.

Milembe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mbele niliona majani yamekwisha na ardhi imekatika. Nikasimama, nimeshika bomba. Sijui nilipata wapi sauti. "Doto mwanangu! Unataka nini kwetu?"

"Mama anatusubiri wawili," akasema. "Anaendelea kusubiri."

"Kulwa! Sema utakwenda! Sema sasa hivi!"

"Nitakwenda! Nitamwambia mama! Nitakwenda!"

Gari likasimama. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa hewani, linazunguka juu ya shimo. Tulishuka mmoja mmoja kwa nyuma, tunapapasa kama vipofu, na kwenye benchi hapakuwa na mtu. Palikuwa na udongo mbichi tu, mwekundu, umejaa viganja viwili.

Mnadhani yaliishia hapo? Gari lilivutwa na watu wa kijiji, tukarudi mjini jua linazama. Kesho yake Kulwa akasema atakwenda Mhunze gari likishatengenezwa. Likatengenezwa. Akasema hana ruhusa. Bwana Kassamali akampa ruhusa, akampa na shati. Akasema anaumwa mgongo. Na kila asubuhi mimi nilikuwa nafuta lile benchi kwa maji na sabuni, na kila asubuhi nakuta udongo, umelowa, palepale. Nilikuwa silali. Nikisikia chuma kinagonga uani, natoka. Natazama, hakuna kitu.

Nikamwita jikoni. "Sikiliza, mwanangu. Kumficha mama yako ni aibu yako. Lakini binti yangu humpati, na watu wako wa posa sitawafungulia mlango, mpaka mama yako ajue."

Milembe akaja juu. "Mama, siku ile alitoroka kuja kuniona mimi. Basi na mimi nikataliwe?"

"Wewe ulipima suruali. Yeye ndiye aliyenyamaza."

Kulwa nilimpeleka mwenyewe. Basi hadi Shinyanga, basi jingine hadi Mhunze, kisha miguu. Mama yake, Kabula binti Lushinge, tulimkuta anabangua karanga mlangoni. Alituona kwa mbali akainuka, na kabla hata ya kutusalimu akatazama nyuma yetu, barabarani, kuona kama mwingine anakuja. Jamani, jicho lile sitalisahau.

Kulwa alipiga magoti, akasema. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, mkono kwenye ungo. Kisha akauliza neno moja tu:

"Siku hiyo, alikuwa amekula?"

"Sijui, mama," Kulwa akasema. "Niliondoka amelala."

Nimezika waume wawili na watoto watatu. Kilio kama kile sijapata kukisikia kabla wala baada.

Matanga yakakaliwa, ndugu wakaja, Doto akaliliwa kama mtu. Niliporudi Geita, benchi lilikuwa kavu. Bwana Kassamali hata hivyo aliliuza lile gari, na wageni hakuwazungusha tena.

Milembe nilimtoa. Wapo walionilaumu, wakasema nimempa mtu mwenye mkosi. Mimi nasema nilimpa mtu aliyekwisha kusema. Wana watoto wanne, wanalima dengu hukohuko Mhunze. Lakini msidhani mambo yote yalirudi mahali pake. Mama yake aliishi miaka minne baada ya hapo, na alimpikia na kumwombea, ila jina la Kulwa halikumtoka tena mdomoni. Alimwita "wewe". Hadi anakufa, "wewe, lete maji", "wewe, kula". Na Kulwa aliitika kila mara, bila kinyongo. Kuhusu mimi, hadi leo nikipanda basi nakaa kiti cha mwisho kabisa, mgongo kwenye bodi. Wajukuu wanacheka. Wacha wacheke, wao hawakuisikia ile "wabeja".

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mtu wako aliyebaki chini ya ardhi huko machimboni, nenda kwao ukaseme. Leo, usingoje gari litengenezwe. Usitume salamu kwa jina lake. Nawe unayekutana na pacha njiani, uliza kwanza mwenzake yuko wapi, kabla hujamwekea chakula.

Nimeandika nilivyokumbuka, na uzee una mambo yake. Huenda Bi Gulbanu alitoka Nzega, si Tabora. Jina la mlima wenyewe nimelisahau, ni upande wa Nyarugusu, anayeujua anisahihishe. Na kama kulikuwa na wengine chini ya duara lile siku ile pamoja na Doto, sikuwahi kuambiwa. Niambieni majina yao, na ya mama zao, na vijiji vyao. Nitayaandika hapa pia, maana huenda nao bado hakuna aliyewaulizia.